Mkojo wa povu, miguu ya kuvimba: ugonjwa wa figo ambao hauumi

Ndugu travayeri, mama wa nyumba, na wewe kijana unayechimba kwenye karyeri, sisi wote tunajua mgongo unaouma. Mtu anabeba saki, ao anaendesha kamyo ya mgodi masaa kumi na mbili, ao anasimama siku nzima mbele ya konkaseri. Mangaribi anashika kiuno na kusema: « Ni figo zangu. » Anapita kwenye farmasi, anauziwa vidonge vya maumivu, maneno inaisha hapo. Lakini mara mingi maumivu yale ni ya mifupa na nyama ya mgongo. Ugonjwa wa figo ambao unamaliza watu wakubwa wa inchi yetu polepole, mara mingi hauumi hata kidogo. Figo inaharibika mtu akicheka, akila bukari yake, akienda kazini kila siku.

Leo tunaongea juu ya ugonjwa wa machujio ya figo kwa watu wakubwa hapa Congo. Madokta wanauita glomerulonefriti. Usiogope jina, tutaenda nalo polepole. Shika neno moja: huu si ugonjwa mmoja, ni familia ya magonjwa. Jina kamili la ugonjwa wako ndilo linaamua dawa gani itakusaidia. Na kwa sisi wenye kufanya kazi ya mgodi, jina lile linaamua pia nani atalipa.

Chujio milioni moja

Kila mtu iko na figo mbili, upande wa mgongo, chini ya mbavu, kila moja ukubwa wa ngumi. Ndani ya kila figo kuna machujio madogo karibu milioni moja. Chujio ni fundo la mishipa myembamba sana ya damu. Hilo ndilo madokta wanaita glomeruli. Kwa siku moja machujio yote pamoja yanapitisha maji ya damu karibu litre 180. Karibu yote inarudishwa mwilini na mifereji midogo iliyo nyuma ya machujio, na inabaki litre moja ao mbili tu za mkojo.

Wenye kufanya kazi kwenye mashine ya kuchuja madini watafahamu mbio. Kile kinachopaswa kupita kinapita, kile kinachopaswa kubaki kinabaki. Katika figo, maji na uchafu wa mwili vinapita, damu na protini vinabaki. Protini ndiyo inashika maji ndani ya mishipa. Chujio likitoboka, protini inatoka na mkojo. Mtu mzima mwenye afya anapoteza chini ya gramu 0,15 kwa siku. Akianza kupoteza zaidi ya gramu 3,5 kwa siku, maji inatoka kwenye mishipa na kuingia ndani ya nyama, mtu anavimba. Hali hiyo inaitwa sindromu nefrotiki.

Alama ni hizi. Mkojo unafanya povu kama sabuni, na povu haiishi mbio. Macho yanavimba asubuhi, miguu inavimba mangaribi. Mkojo unakuwa mwekundu ao mweusi kama Coca. Na tansio inapanda kwa kijana wa miaka 25 ao 30 ambaye hana kilo nyingi na hanywi pombe. Lakini watu wengi hawana alama yoyote ya kuonekana. Kwao ni bandeleti tu inayosema ukweli, yaani ile karatasi ndogo ya rangi ambayo muuguzi anachovya ndani ya mkojo. Inajibu kwa dakika mbili, na ni moja ya vipimo vya bei ndogo kabisa katika lopitali.

Mwenzetu mmoja wa posti ya usiku, dereva wa kamyo kubwa, alivimba miezi mingi. Asubuhi uso ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa, mangaribi bote haziingii. Kwao walisema: « Bamemurogea ju ya ile kazi. » Makuta ilikwenda kwa mganga wa mizizi. Kwenye dispanseri ya kazini walimpa kidonge cha kukojoa. Uvimbe ulishuka, akarudi kwenye kamyo, uvimbe ukarudi. Kwa miezi yote hiyo hakuna aliyemwambia akojoe ndani ya kopo. Siku mkojo ulipopimwa, protini ilikuwa misalaba mitatu, na kipimo cha damu kilionyesha kama figo zilikuwa zimebaki na nguvu kiloko tu. Leo anaishi kwa dializi.

Sura ya ugonjwa hapa kwetu

Madokta wanaanza kwa kugawanya mafungu mawili. Kuna wakati machujio yanaharibika ju ya ugonjwa mwingine: sukari, tansio ya miaka mingi, ukimwi, maini ya aina ya B ao C, bilharzia, ugonjwa wa lupus. Hilo linaitwa fungu la sekondari. Na kuna wakati wametafuta hayo yote na hawakuyaona: ugonjwa umeanza katika chujio lenyewe. Hilo ndilo fungu la primeri. Hauwezi kusema « ni primeri » mbele ya kupima yale mengine. Dokta akikuomba damu ya ukimwi na ya maini, asikuonekane kama anakudharau, anafanya kazi yake.

Ndani ya fungu la primeri, herufi utakazoona kwenye karatasi ni hizi.

LGM: chujio chini ya mikroskopu linaonekana karibu zima, lakini linavuja mingi. Ni ya watoto zaidi, hata wakubwa wanaipata. Inasikia dawa ya prednisoni vizuri kuliko zote.

HSF: sehemu ya machujio, na sehemu ya kila chujio, inageuka kovu ngumu. Kovu halirudi kuwa chujio. Hii ni ngumu kutunza, na asiyesikia dawa anaweza kumaliza figo zake ndani ya miaka michache.

GEM: ukuta wa chujio unanenepa. Wasipotunzwa kwa dawa kali, karibu mmoja kwa watatu anapona peke yake, mmoja anaendelea kupoteza protini, na mmoja anafika mwisho wa figo.

Ugonjwa wa Berger: jina ni la dokta Jean Berger wa Paris, aliyeueleza mwaka 1968. Mtu anaugua koo, siku moja ao mbili baadaye mkojo unatoka na damu. Ulaya na Asia ndio unaoonekana kuliko yote. Kwa Waafrika weusi ni haba.

Hapo ndipo sura yetu inaachana na ya wengine. Zamani, katika miaka ya 1960, madokta wa Nigeria na Uganda waliandika mingi juu ya figo za watoto zilizoharibiwa na malaria ya aina ya malariae, ile inayorudisha homa kila baada ya siku tatu. Watu wengi walibaki na wazo kama figo ya Mwafrika inaharibiwa na malaria tu. Lakini mwaka 1993, Profesa Pakasa na wenzake wa Kinshasa walitangaza kazi yao juu ya watu wazima wenye sindromu nefrotiki. Waliangalia vipande vya figo kwa mikroskopu, na aina iliyokuwa mbele ya zote ni HSF. Wao wenyewe waliandika kama hiyo ni sura mpya ya ugonjwa katika Zaire.

Maana yake kwetu ni hii: aina iliyo mbele katika inchi yetu ni ile ya makovu, ile ambayo kila mwezi unaopotea unapoteza machujio yasiyorudi. Mzungu mwenye Berger anaweza kuishi na figo zake miaka 20. Mkongomani mwenye HSF asiyejua, hana muda huo.

Na wasiojua ni wengi. Mwaka 2009, Profesa Sumaili na wenzake walitangaza matokeo ya kupima watu wakubwa 503 wa Kinshasa. Walikuta ugonjwa wa figo wa kudumu, wa aina zote, kwa watu 12,4 kwa mia. Karibu wote waliokuwa nao hawakujua.

Urithi wa mababu

Kwa nini HSF kwa watu weusi? Mwaka 2010 watafiti walipata jibu moja ndani ya damu. Kuna jini moja inaitwa APOL1. Kazi yake ni kuua vimelea vya tripanosoma, vile vinavyoleta ugonjwa wa usingizi. Inchi yetu inajua ugonjwa huo kuliko inchi yoyote. Sura mbili za jini hiyo, zinazoitwa G1 na G2, zilienea Afrika ju ya kusaidia mababu kupigana na vimelea hivyo. Lakini silaha ile ile inaweza kuumiza chujio la figo. Mwenye kupata sura hizo mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, hatari yake inapanda.

Mwaka 2024 watafiti walitangaza matokeo ya watu zaidi ya 8.000 wa Ghana na Nigeria. Wenye sura mbili walikuwa karibu watatu kwa kumi. Uwezekano wao wa kuwa na HSF ulikuwa juu kwa 84 kwa mia kuliko wenye sura moja ao wasio na yoyote. Hata wenye sura moja tu walikuwa na hatari zaidi kuliko wasio nayo.

Tufahamiane vizuri hapo. Wengi wenye jini hiyo wanazeeka na figo zao nzima. Mara mingi kunakuja kitu kingine juu yake, kama ukimwi usiotunzwa, ndipo ugonjwa unawaka. Na tena hiyo si laana ya ukoo. Ndugu wawili wakivimba katika nyumba moja, mbele ya kutafuta mlozi kati ya wajomba, mpimeni mkojo watoto wa baba na mama mmoja, wote.

Na mgodi, unaingia wapi?

Swali hili tunaulizwa kila siku. Jibu letu ni la wazi: mgodi unaharibu figo, lakini si kila figo iliyoharibika imeharibiwa na mgodi. Anayechanganya mambo hayo mawili anapoteza dosie yake.

Risasi na kadmiumu vinapiga zaidi ile mifereji ya nyuma, kuliko machujio yenyewe. Mkojo wa mtu huyo hauna protini nyingi kama wa HSF. Mwaka 2009 Profesa Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walionyesha kama watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti, kadmiumu, risasi na uraniamu nyingi katika mkojo wao kuliko wanaokaa mbali. Hiyo ni vita ingine, na tunaipigana, lakini inaombwa kwa vipimo vyake.

Vumbi la silika, lile la kupasua mawe, halimalizi mapafu peke yake. Linafuatana pia na ugonjwa mkali wa mishipa midogo ambao unaweza kuchoma machujio kwa wiki chache. Mtu anakohoa, anakonda, mkojo unakuwa na damu: huyo asingoje.

Zebaki ni adui wa machujio moja kwa moja. Inaleta GEM na LGM. Wachimbaji wa zaabu wa Ituri, Kivu na Maniema wanaichoma juu ya moto, mara ingine katika jiko la nyumba, watoto wakikaa pembeni. Na mama zetu wanaipata kwa njia ingine: krème za kujichubua. Mwaka 1972 madokta wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa 60 wenye sindromu nefrotiki. Zaidi ya nusu walikuwa wanajipaka krème zenye zebaki. Wengi wa namna hiyo wakiacha krème, figo zinarudi. Kwa hiyo dokta akimuuliza mama anajipaka nini, mama aseme ukweli wote, hata kama bwana yuko pale anasikiliza.

Mwisho, vidonge vya mgongo. Diklofenaki na ibuprofeni, vikimezwa kila siku, vinaweza kuleta LGM ao GEM, na vinaongeza mzigo kwa figo ya mtu anayetoka jasho bila kunywa maji. Kwenye dispanseri zingine za kazini vinagawanywa kama bombo. Delege, angalia jambo hilo kwako.

Sindano inayotisha

Kujua ni aina gani, mara mingi kunaomba biopsi. Watu wanasema: « Banakata figo. » Hapana. Mgonjwa analala kifudifudi, wanamfisha nyama pale pa kuchoma, dokta anaangalia figo kwa ekografi, anaingiza sindano na kutoa vipande vyembamba kama uzi. Baadaye mgonjwa analala chali masaa mingi, wanaangalia kama mkojo hauna damu nyingi. Hatari ya kutoka damu iko, ndiyo maana tansio inashushwa kwanza na damu inapimwa. Lakini kubahatisha prednisoni miezi sita kwa mtu asiyeihitaji, hiyo pia ni hatari: inapandisha sukari na tansio, inaamsha kifua kikuu kilicholala.

Kwa GEM kuna pia kipimo cha damu cha antikorps za PLA2R, kilichojulikana tangu 2009. Kikionyesha ndiyo, dokta anaweza mara ingine kuruka biopsi.

Dawa

Kwa karibu aina zote, dawa ya kwanza ni ya kushusha tansio na protini kwa pamoja: enalaprili, lisinoprili na za familia hiyo. Ni za kila siku, hata ukijisikia mzima. Mama mwenye mimba haruhusiwi kuzitumia. Amwambie dokta mbele. Chumvi ipungue: makayabu, samaki ya chumvi, vibe vya supu. Hapa tunaongea na wapishi wa nyumba, maana bwana anakula kile kilicho mezani.

LGM na HSF za primeri zinaomba prednisoni, wiki nyingi ao miezi. Usiikate ghafla siku uvimbe unapoisha, mwili unaweza kuanguka. Mwenye ukimwi, dawa yake ya figo ni kwanza dawa za ukimwi zenyewe. Na kama mtu anakuuzia leo « dawa ya jini », mkatalie. Mwaka 2023 walitangaza kama kidonge kimoja cha kupigana na APOL1 kilijaribiwa kwa watu 16, na kwa 13 waliohesabiwa mwishoni, protini ilishuka karibu nusu katika wiki 13. Ni habari nzuri, lakini bado iko kwenye majaribio.

Zikifika mwisho, kunabaki dializi. Mashine ziko Kinshasa, Lubumbashi na miji mingine michache. Ni mara mbili ao tatu kwa wiki, masaa ine kila mara, maisha yote. Familia ngapi za travayeri zimeuza parsele ju ya miezi michache ya dializi? Ndiyo maana tunapigia kelele bandeleti.

Nani analipa

Kodi ya Travai ya 2002 inamlazimisha mwajiri kutunza travayeri na familia yake wakati kontra iko: dokta, dawa, lopitali. Haisemi « magonjwa ya kazini tu ». HSF ya urithi ni ugonjwa wa kawaida, mwajiri anautunza. Sumu ya zebaki ao ya risasi, ao silika, ni dosie ya ugonjwa wa kazi, na hiyo inapelekwa kwa CNSS. Sasa unaona kwa nini jina la ugonjwa ni la lazima. Dosie iliyoandikwa « figo » tu, CNSS inasema si ya kazi, kompani inasema si yake, mgonjwa anabaki katikati.

Wa sutretansi wanaambiwa mara mingi kama wao hawana haki hizo. Ni uongo. Sheria inaongea juu ya mwajiri, na patro wa sutretansi ni mwajiri.

Tunajua woga wenu: « Nikipimwa, batanifukuza. » Ugonjwa unasimamisha kontra, hauivunji siku ileile. Matokeo ya vipimo ni siri kati yako na dokta. Mkubwa wa wafanyakazi anapaswa kujua tu kama unafaa kwa kazi hiyo, unafaa na masharti, ao haufai kwa wakati. Mwenye protini kwenye mkojo anaweza kufanya kazi mingi. Anahitaji maji ya kunywa, kivuli, na pengine kubadilishwa posti. Akionewa, aje kwa delege na karatasi zake, mbele ya kutia sinyatiri kwa kitu chochote.

Kwa vizite medikali ya mwaka huu, sindika inaomba kila delege adai mambo matano:

1. Bandeleti ya mkojo na kipimo cha tansio kwa kila travayeri, wa sutretansi pia.
2. Matokeo yaandikwe na kupewa travayeri mwenyewe mkononi.
3. Mwenye protini apimwe tena baada ya wiki moja ao mbili. Ikibaki, apimwe kreatinini, sukari, ukimwi na maini B na C.
4. Atumwe kwa dokta wa figo, na biopsi ikihitajika, transporti na bei viwe juu ya mwajiri.
5. Dispanseri iache kugawa diklofenaki bila kuandika jina na hesabu.

Wachimbaji wa karyeri hawana mwajiri wa kudai. Kwao tunasema: koperative inaweza kununua kopo moja la bandeleti, na muuguzi wa santre ya karibu anajua kuzisoma. Mkojo wa asubuhi ndio mzuri. Mwenye kuona povu leo, aende kesho.